Uvimbe Uliopiga Hodi

Jeli ndiyo iliyoanza kufanya visa. Yeyote aliyewahi kupimwa ultrasaundi anaijua: ya baridi, nzito, inateleza, na mgonjwa akipakwa lazima aruke kidogo na kuvuta pumzi kwa meno. Yule fundi cherehani hakuruka. Alikaa kitini, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto, macho yake ukutani, na mpimaji alipomkamulia jeli juu ya uvimbe, ikakaa kidogo, ikatetemeka, kisha ikaisha. Haikumwagika wala haikukauka. Ilinywewa. Hata ilitoa mlio, ule wa mtoto anayemalizia juisi kwa mrija huku mama yake akimkanya.

Mpimaji akadhani chupa imeingia hewa. Akakamua tena, safari hii fungu zima, na fungu zima likaenda vilevile, likiacha ngozi kavu yenye kung'aa.

"Ngozi yako kavu sana, baba," alisema, maana ilibidi aseme kitu.

"Ndiyo, dada," akajibu fundi bila kumtazama.

Hospitali nzima ilimwita Mama Jeli, kwa sababu kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwona bila doa la jeli mahali fulani kwenye koti lake jeupe. Alikuwa mtu wa adabu hadi inachosha. Alisalimia walinzi, wafagiaji na paka wa jikoni, na akijigonga bega mlangoni aliuomba mlango radhi. Kazi yake aliijua barabara. Uvimbe wa mkononi ulikuwa kama utaalamu wake wa pekee, na madaktari walimletea hata ule uliowashinda wenzake. Mara nyingi huwa ni mambo madogo: kifuko cha maji kilichochomoza kwenye kiungo, donge la mafuta chini ya ngozi, kipande cha kijiti kilichomchoma mtu zamani akakisahau. Mashine huonyesha maji kuwa meusi, mafuta kuwa ya kijivu yenye michirizi, na kijiti kung'aa kama waya. Kabla hata hajawasha, kidole chake kilikuwa kimeshamwambia nusu ya majibu.

Huu wa fundi, kidole hakikumwambia kitu. Ulikuwa wa ukubwa wa limau, laini, na ulipobonyezwa haukurudi nyuma. Ulisogea kando, kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

Akaitazama karatasi ya daktari. Ilisema uvimbe uko kwenye kifundo cha mkono, kwa nyuma, umekaa miezi minne, hauumi.

"Hapa wameandika kifundo, baba. Huu uko karibu na kiwiko."

"Juma lililopita ulikuwa kwenye kifundo."

"Na sasa?"

"Sasa umepanda."

Mama Jeli alikuwa ameshasikia mengi kutoka kwa wagonjwa, akaliacha hilo lipite. Akaweka kichwa cha mashine juu ya uvimbe, kile kidude cha kushika kiganjani wanachokiita probu, akageukia kioo. Mbele yake palijaa weusi, duara safi la maji. Akafurahi. Uvimbe wa maji, basi, kama tisa kati ya kumi. Akamwambia fundi akunje ngumi ili aone kano zikiteleza, na kano zikateleza, nyeupe, nzuri, chini kabisa ya duara. Lakini ndani ya yale maji nako kitu kilijikunja. Akamwambia afungue, nacho kikafunguka.

Hapo ndipo ilipompata harufu. Maji ya chombo cha maua kilichosahaulika majuma matatu, ndiyo harufu yenyewe, ule utelezi wa kijani unaobaki kwenye vikonyo. Akapumua kwa mdomo, akajuta, maana sasa aliionja.

Inafaa kusema habari ya mlango wa chumba kile. Ulikuwa kero. Wagonjwa waliwekewa benchi nje, lakini nani anakaa? Kila baada ya dakika mbili mtu hugonga, "Hodi," kuuliza kama zamu yake imefika, naye Mama Jeli bila kugeuza shingo hujibu, "Karibu, kaa kwenye benchi nitakuita." Alisema hivyo mara hamsini kwa siku. Yalikuwa yakimtoka yenyewe, kama miayo.

Akaongeza sauti ya mashine ili asikilize damu. Damu ya mkono huvuma, fyuu, fyuu, kwa mapigo ya moyo. Pale ndani hapakuvuma kitu. Palikuwa na ko, ko, ko, kidogo kidogo, na kisha sauti nyembamba, yenye heshima zake zote, ikasema, "Hodi."

"Karibu," akasema Mama Jeli.

Mlango haukufunguka. Aligeuka kuutazama, na alipougeukia mkono wa fundi, uvimbe haukuwepo. Ngozi ilikuwa imelegea, imekunjamana kama soksi iliyovuliwa. Na ndani ya glavu yake mwenyewe, katikati ya kiganja kilichoshika probu, alihisi umajimaji wa vuguvugu ukipita, kwa upole, kama mtu anayejibana mlangoni asikukanyage.

Fundi cherehani alikuwa akilia. Mtu mzima wa miaka hamsini alilia kwa kwikwi, akajipangusa mkono kwa shati lake, akasimama na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Wallahi nisamehe. Nina watoto."

Akatoka mbio. Mama Jeli akabaki na kioo kinachoonyesha misuli ya mtu mwenye afya. Akaandika kwenye majibu kuwa hakuna uvimbe ulioonekana, akavua glavu, akanawa mara tatu. Glavu aliitupa kwenye pipa, na aliporudi baadaye kutupa nyingine aliona vidole vyake vya mpira vimetafunwa kwa ndani.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi alikuwa na punje kama ya dengu kwenye shina la kidole gumba. Alhamisi ilikuwa yai la njiwa, na ilikuwa imekaa kwenye kifundo. Mumewe alizunguka chumba cha kulala akinusa nyuma ya kabati.

"Kuna panya amefia humu," alisema.

"Labda," akajibu mkewe, mkono wake ukiwa chini ya shuka.

Kula kukawa adhabu. Akileta tonge mdomoni, kabla halijafika lile vundo lilikuwa limeshaingia puani, na alipojilazimisha kumeza alihisi mate ya mtu mwingine kwenye vidole vyake mwenyewe. Akaanza kula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, kama mgeni nyumbani kwake. Na kazini chupa za jeli zilikuwa zikiisha. Alijikuta akisimama kwenye kona, mgongo kwa mlango, akijikamulia kwenye kifundo bila kujua amenyanyua chupa saa ngapi, na ule mlio wa mrija ukimpa raha. Hiyo raha ndiyo iliyomtia kinyaa kuliko harufu.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, alijifungia chumbani akajipima mwenyewe. Mkono wa kushoto umeshika probu, wa kulia umelazwa kwenye mto uleule aliolazia fundi mkono wake, na kwenye kioo weusi ukafunguka taratibu, na mwanzoni aliona nywele, nywele ndefu nyembamba zinazoelea kwenye maji na kujipinda, kisha vitu vidogo vyeupe vilivyotawanyika chini ambavyo alivipa kila jina la kitaalamu alilolijua kabla ya kukubali kwamba ni meno, meno ya utotoni, na kisha katikati ya nywele kikageuka kile alichokuwa akikijua tangu Jumanne ila hakutaka kukitamka, kijikono, kijikono chenye vidole vitano na kucha zilizokua ndefu mno hadi zikajikunja kama mabaki ya penseli iliyochongwa, nacho kikasogea hadi juu, chini kabisa ya ngozi yake, kikafumbua kiganja na kukibandika kwenye probu, kutoka ndani, kama anayetaka kupimwa naye.

Alitapika kwenye sinki. Kisha akatafuta karatasi ya fundi, akapiga namba iliyoandikwa pale. Simu ilipokelewa haraka, kama iliyokuwa ikisubiriwa.

"Wewe umenitia nini?"

"Dada yangu. Mimi nilikuwa nampima mteja mkono wa shati. Nimeinama na futi yangu, nasikia hodi, nadhani ni mlangoni. Fundi yeyote hujibu karibu. Ndivyo nilivyopata."

"Na ukaja kunipa mimi kwa makusudi."

"Niliambiwa wewe hujibu kila hodi. Nilikaa kwenye benchi lako siku mbili nikikusikiliza." Akapenga kamasi. "Kilikuwa kimefika kwenye kiwiko. Usiku kilikuwa kinawapigia hodi wanangu. Nina watoto, dada."

"Na wangu mimi ni wa plastiki?"

Fundi akakata simu, na alipopigiwa tena namba haikupatikana.

Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja, binti wa miaka sita aliyeitwa Kifaranga pale nyumbani kwa jinsi alivyomfuata mama yake chumba hadi chumba. Alikuwa wa kupenda maswali, wa kumjibu kila anayemsemesha, na adabu yake, walisema majirani, ni ya mama mtupu. Mama Jeli alikuwa akiringa kwa hilo. Jumamosi asubuhi alimkalisha katikati ya magoti amsuke kwa ajili ya shule. Mkono aliufunga bandeji, akafunga na kitambaa juu yake, akavaa na shati la mikono mirefu. Alikuwa amefika msuko wa nne, kifundo kimeegemea sikio la mtoto, Kifaranga aliposema mdomo ukiwa umejaa mkate:

"Mama, mkono wako unaongea."

Mama Jeli akaacha kusuka.

"Unasema hodi," mtoto akaendelea, akimeza. "Nijibu?"

"Usijibu!" Alimsukuma hadi mtoto akaanguka kwa mikono. Kisha akapiga magoti mbele yake, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo. "Nisikilize, mama. Nisikilize vizuri. Usiseme karibu. Ukisikia hodi kwangu, kwenye mkono wangu, popote, usiseme karibu. Niapie."

"Lakini wewe ulisema mtu akibisha hodi—"

"Niapie!"

Kifaranga akaapa, msuko wa nne ukiwa umefumuka. Alibaki na nywele nusu siku nzima. Mama yake hakumgusa tena, akamwachia baba yake amwogeshe na kumlisha, na alipoulizwa ana nini alisema ni uchovu. Alikaa sebuleni mkono ukiwa mbali na mwili wake, ameuweka juu ya mkono wa kochi kama mzigo wa watu. Uvimbe ulikuwa umefika nusu ya njia ya kwenda kiwikoni. Usingizi aliukimbiza kadiri alivyoweza.

Jumatatu alfajiri na mapema alikuwa mlangoni kwa daktari wa upasuaji, bwana mmoja mwenye haraka ambaye hajawahi kumaliza sentensi ya mgonjwa yeyote. Aliubonyeza mara moja.

"Maji haya. Wewe mwenyewe hujui? Nayavuta kwa sindano, unaenda kazini."

"Daktari, kabla hujachoma, naomba—"

"Dakika moja tu."

Akachoma. Bomba la sindano likajaa urojo wa manjano, mzito, wenye madoa ya kahawia, na harufu ikajaza chumba hadi daktari akageuza uso. Akavuta zaidi, na sindano ikanasa. Akaichomoa, na pamoja nayo ukachomoka unywele, mmoja, mweusi, akauvuta akidhani utakatika, akauvuta hadi kifuani kwake, akanyoosha mkono wote na bado unywele ulikuwa unakuja, umelowa, ukimdondoshea ute kwenye viatu vyake. Kisha kitu huko ndani kikaung'ata kwa upande wake, kikauvuta kurudi. Daktari akaachia. Ukaingia wote, fyuup, kama tambi mdomoni mwa mlafi.

Daktari aliiweka sindano kwenye sahani.

"Hii," alisema hatimaye, "si idara yangu."

Kwa mara ya kwanza alisikika akisema polepole.

Mama Jeli alitoka akiegemea ukuta wa ukumbi. Hapo ndipo alipokutana na mzee wa kufua, mama wa miaka iliyopita sitini aliyekuwa akisukuma gari la mashuka machafu. Wote walimwita Bibi wa Dobi. Alikuwa mtu wa maneno makali, asiyemwogopa hata mkurugenzi, na miaka thelathini ya kufua damu, usaha na matapishi ya watu ilikuwa imemwachia pua isiyodanganyika. Alisimamisha gari.

"Shikamoo, Bibi," Mama Jeli akasema. Hata katika hali ile.

"Marahaba. Nani kapiga hodi kwako?"

Mama Jeli alianza kulia palepale, akamweleza yote hadi habari ya kijikono. Bibi wa Dobi hakumbembeleza. Alimshika kwa kiwiko cha shati, akampeleka chini hadi kwenye chumba cha kufulia, akafunga mlango kwa komeo. Pipa kubwa la maji lilikuwa likichemka, mvuke umetanda, sabuni inawasha macho. Akachota maji kwenye beseni, akayapooza kidogo tu.

"Majini ya kuingia kwa nguvu ni mepesi," alisema akikunja mikono ya gauni lake. "Unayatoa kwa nguvu, yanatoka. Hili ni la adabu. Linaingia kwa kukaribishwa, na likishakaribishwa ni mgeni halali. Nikilifukuza mimi litanicheka. Mwenye nyumba ndiye wa kulifukuza. Kwa hiyo utalitukana."

"Nitalitukana?"

"Litukane vibaya. Mpaka lione aibu."

"Siwezi, Bibi. Sijawahi."

"Basi likifika kwapani litahamia kifuani, na huko silifuati."

Mama Jeli akafungua bandeji. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama embe, ngozi juu yake imevutika hadi inapenyeza mwanga, na ndani vivuli vya nywele vilikuwa vikizunguka. Akautumbukiza mkono kwenye maji ya moto, akauma meno.

"Samahani," alianza, "naomba utoke..."

"Usiliombe samahani, mwanamke wewe!"

"Tafadhali ondoka."

"Na tafadhali usiseme!"

Kutoka kwenye maji ikapanda ile sauti nyembamba, ya huzuni, ya mtu aliyeonewa. "Dada, nimekukosea nini? Si ulinikaribisha mwenyewe?"

Aibu ikampanda Mama Jeli kweli, aibu ya mwenyeji, na akashangaa kuona anataka kulijibu vizuri. Kisha akakumbuka Kifaranga na mkate mdomoni, akiuliza kwa adabu zake kama ajibu, na adabu ikamwisha.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka, mchafu wewe! Mnyonya jeli! Mdoezi usiye na kwenu, unanuka, umeoza, hata panya waliokufa wanakuzidi usafi! Unapigia hodi watoto wa watu, huna haya, mjinga wewe, takataka, toka mwilini mwangu, sikutaki, sikukutaka hata siku moja, sikukuona hata mlangoni, nilikuwa nafanya kazi!"

"Hapo hapo," Bibi wa Dobi akasema, na vidole gumba vyake viwili, vigumu kwa miaka ya kukamua mashuka, vikaukandamiza uvimbe kutoka kiwikoni kushuka chini, naye Mama Jeli akitukana na kulia na kutukana, akitumia maneno aliyoyasikia kwa madereva na hakujua kama anayajua, mpaka ngozi ya kifundo ikapasuka kama ganda la tunda lililoiva kupita kiasi na ukamwagika kwenye beseni ule urojo wa manjano, kwa mabonge, kwa mikupuo, na nywele zikaja kwa fundo moja kubwa lililosokotana na ute, zikazidi kuja, Bibi akizizungusha kwenye mti wa kufulia, na meno yakadondoka moja moja, tik, tik, tik, chini ya beseni, na kucha zilizojikunja zikaelea juu pamoja na povu. Harufu ilikuwa ya kuziba pumzi. Wote wawili walitapika, kila mtu kwenye kona yake, bila kuoneana haya.

Kisha Bibi akaachia. Mkono ulikuwa bapa. Palibaki kitundu kidogo kinachotoa damu nyekundu safi, na Mama Jeli hajawahi kufurahi kuiona damu kiasi kile.

Bibi wa Dobi alikuwa akikoroga beseni kwa ule mti. Alikoroga kwenda, akakoroga kurudi.

"Kiko wapi kijikono?"

"Si kimo humo?"

"Nywele zimo. Meno yamo. Kijikono sikioni." Akamimina kidogo kidogo kwenye mfereji, akichungulia. "Na mbona limebishana kidogo hivi? Maneno mawili tu."

"Labda kimepita na maji, Bibi."

"Labda," akasema Bibi wa Dobi, lakini hakuinuka. Alimwaga pipa zima la maji ya moto kwenye mfereji ule, na sabuni ya unga nusu gunia, ndipo akafungua mlango.

Mama Jeli alipanda juu akajipima. Misuli, mfupa, kano, mishipa inayovuma fyuu, fyuu. Akajipima tena, kila upande, mpaka kwapani. Hakuna kitu. Jeli ilikaa juu ya ngozi yake kama inavyopaswa, baridi na nzito, akaiacha makusudi na kuitazama hadi macho yakamlowa. Kisha akaomba ruhusa, akaenda nyumbani mapema.

Alinunua mkate mpya njiani, akala kipande kwa mkono wa kulia akitembea, na hakikuwa na ladha nyingine ila ya mkate. Kifaranga alikuwa ameshatoka shule. Alikaa kwenye kochi na sare zake, miguu inaning'inia, viatu ameweka kando lakini soksi ameziacha. Mama yake alimvamia, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamnusa shingo, akambusu ile misuko mitatu na nusu.

"Umepona?" mtoto akauliza.

"Nimepona, mama. Kabisa. Leo nakusuka kichwa kizima. Vua soksi tukaoge."

Kifaranga hakuvua. "Zinabana."

"Ndiyo maana nakwambia uvue."

"Ukinikasirikia je?"

"Nikukasirikie kwa nini?"

Mtoto akaanza kusokota kona ya sketi yake. "Mimi sikusema karibu. Niliapa, na sikusema. Jumapili ulipolala hapa kwenye kochi, mkono wako ulipiga hodi sana, nikanyamaza. Ukapiga tena, nikanyamaza."

"Vizuri sana." Mama Jeli akazitazama zile soksi. "Halafu?"

"Halafu ukaacha. Ukaniamkia." Kifaranga akaziba mdomo kidogo, kicheko kikimponyoka. "Mama, uliniamkia mimi! Ulisema shikamoo. Mimi mdogo, hakuna mtu aliyewahi kuniamkia shikamoo. Nikacheka, nikaitikia marahaba. Hukunikataza marahaba."

Mama Jeli aliteremka taratibu hadi sakafuni. Akashika ncha ya soksi ya kulia, akaivuta. Ilikuwa imelowa kwa ndani, na ilipotoka ilitoka na harufu, maji ya maua yaliyooza, na kwenye kifundo cha mguu wa mwanawe, chini ya ngozi laini ya miaka sita, palikuwa na vinundu vitano, vinne mbele na kimoja nyuma, vimezunguka mfupa na kuukaza. Aliivuta na ya kushoto. Huko nako kulikuwa na vitano, vya kijikono cha pili ambacho kioo hakikumwonyesha.

"Mwalimu alituambia maana yake," Kifaranga alisema, akiinama kutazama pamoja naye, bila woga, kama anayeonyesha daftari. "Shikamoo ni nashika miguu yako. Kumbe mtu akisema anashika, anashika kweli."

Vile vinundu vikasogea vyote kwa pamoja, vikajikaza vizuri zaidi, na kutoka chini ya ngozi ikaja ile sauti nyembamba, safari hii ya furaha, ya mtu aliyepata kwao.

"Shikamoo, mama."

Mama Jeli akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akajikandamiza hadi meno yakamkata midomo, kwa sababu ulimi wake, ulimi wa mtu aliyelelewa, ulikuwa umeshafika kwenye "ma" ya marahaba.